Pampu ya plunja tatu ya baa 200: uzoefu wangu wa kuifunga na kuiendesha karakanani

Pampu yenyewe ni nzuri. Shida ni kwamba kinachouzwa dukani ni nusu tu ya mtambo, na ile nusu nyingine ndiyo inayoamua kama itadumu miaka au itakufa kabla ya Krismasi, na kama kijana anayeishika atarudi nyumbani na vidole vyote.

Ninayoizungumzia ni pampu ya Kiitalia yenye plunja tatu za kauri (fimbo zinazokwenda mbele na nyuma kusukuma maji) na kichwa cha shaba, presha ya baa 200, lita 15 kwa dakika, mizunguko 1,450 kwa dakika, mota ya umeme wa fezi tatu. Kazi yake ni kuosha malori, matrela na injini karakanani, Dar es Salaam, kwa maji ya kisima. Viwanda kadhaa vya Italia vinatengeneza pampu za muundo huu na ndani zinafanana sana, kwa hiyo mengi ya hapa yatakufaa hata kama yako ina jina jingine.

Nianze na mota, maana hapo ndipo wauzaji hubana matumizi. Chukua baa, zidisha kwa lita za dakika moja, gawanya kwa 600. Mara 200 kwa 15, gawa kwa 600, unapata kilowati 5, na hizo ni za maji peke yake. Pampu nayo inakula chake, kwa hiyo gawanya tena kwa 0.85 na unafika karibu 5.9. Sasa angalia kibao cha mota uliyouziwa: mara nyingi kimeandikwa 5.5. Itatembea, hata hivyo ukiikamua baa 200 kutwa nzima, ovalodi (kifaa kinachozima mota ikizidiwa na mzigo) itakata, na fundi asiye na subira ataipandisha ovalodi badala ya kushusha presha. Ama nunua ya kilowati 7.5, ama baki na 5.5 na ukubali baa 170, ambazo kwa tope la lori zinatosha kabisa.

Upande wa kuingizia maji ndio ninaokuomba usome mara mbili. Pampu ya plunja haipendi kuvuta maji, inataka iletewe. Weka tangi la lita 150 hivi, chini yake kukiwa juu ya usawa wa kichwa cha pampu. Boya la tangi liwe na uwezo wa kujaza angalau lita 22 kwa dakika, yaani mara moja na nusu ya zinazotumika, la sivyo pampu italimaliza tangi katikati ya kazi. Kutoka tangini shusha hosi ya inchi moja yenye waya ndani ili isijibane, fupi, bila kona kali. Tundu la pampu lina nusu inchi, na ndiyo maana watu huunga hosi ya nusu inchi na kuona wamemaliza. Hesabu inawakataa: lita 15 kwa dakika ndani ya bomba la milimita 25 zinakwenda nusu mita kwa sekunde, lakini ndani ya milimita 13 zinafikia karibu mita 1.9. Kwa kasi hiyo presha ya upande wa kuvutia inashuka mno, maji yanatoa mapovu ya mvuke, na mapovu yakifika upande wa presha yanapasuka kwa nguvu juu ya chuma. Utaisikia pampu inalia kama imejazwa changarawe. Ukifungua vifuniko vya valvu baada ya miezi michache ya mlio huo, utakuta shaba imeingia vitundu vidogo vidogo kuzunguka makalio ya valvu, yaani pale valvu inapokaa ikijifunga, na hapo hakuna sili (mpira wa kuzuia maji yasivuje) wala valvu mpya itakayorudisha presha, kwa sababu kilicholika ni kichwa chenyewe.

Filta ya kuingilia iwe ya wavu wa maikroni 150 hivi na iwe kubwa. Zile ndogo za kikombe zinazibwa na mchanga wa kisima ndani ya siku moja, na filta iliyoziba ni sawa na hosi nyembamba. Ioshe kila jioni. Mchanga ukipita, sili zinakwenda kwanza. Kauri yenyewe ni ngumu, haijali sana.

Kitu kingine cha upande huu ni hewa. Maungio yanayovuja hewa hayadondoshi tone wakati pampu inatembea, kwa hiyo macho hayakusaidii. Paka povu zito la sabuni kwenye kila ungio huku pampu ikifanya kazi. Povu likinywewa kwenda ndani, umeshapata pa kukaza.

Twende kwenye anloda, yaani ile valvu inayoyarudisha maji ukiachia kifyatulio cha bunduki ya kuoshea. Pampu za aina hii hazijui kusimama kusukuma. Mota ikizunguka, lita 15 lazima ziende mahali, na kama bunduki imefungwa na anloda imegoma, presha inapanda hadi kitu kipasuke. Wengi wanaiunga njia ya kurudishia moja kwa moja kwenye mdomo wa kuingilia wa pampu kwa kipande kifupi cha hosi, kwa kuwa kit, yaani seti inayouzwa dukani, imekuja hivyo. Inafanya kazi, ila maji yaleyale yanazunguka na kupata moto, na pampu nyingi za namna hii zinaruhusu maji yasiyozidi nyuzi 60. Usiache bunduki imefungwa kwa zaidi ya dakika mbili au tatu ukiwa na mfumo huo, na funga valvu ya joto inayofunguka ikifika hapo. Mimi napendelea kurudisha maji tangini, upande wa mbali na tundu la kutokea, kukiwa na kizuizi cha bati katikati ili mapovu yapande juu kabla maji hayajashuka tena kwenye pampu.

Kuipanga anloda: anza ikiwa imelegezwa. Washa pampu, shika kifyatulio, nozeli sahihi (ncha yenye tundu dogo linalotoa maji) ikiwa mahali pake, kisha kaza kidogo kidogo ukiangalia geji mpaka presha unayoitaka. Rudisha robo mzunguko. Achia kifyatulio na utazame mshale: utaruka juu kidogo kisha uanguke. Ukiruka zaidi ya asilimia 15 hivi juu ya presha ya kazi, umekaza mno. Kaza nati ya kufungia na upake rangi juu yake, ili akija mtu kuichezea ujue.

Na wataichezea, kwa sababu ya nozeli. Kwa lita 15 na baa 200 nozeli inayofaa ni ya namba 045. Ikilika hadi upana wa 055, pampu ileile nzima inatoa baa 143 tu. Kijana anaona maji hayana nguvu, anakaza anloda mpaka mwisho, presha haipandi hata baa moja kwa kuwa tundu ni kubwa, anakata tamaa. Kesho mtu anabadilisha nozeli, anaweka mpya. Sasa anloda iliyokazwa hadi mwisho haina nafasi ya kufunguka, na akiachia kifyatulio kinachobaki kuwaokoa ni valvu ya usalama. Presha ikishuka, badilisha nozeli kwanza. Ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote.

Valvu ya usalama haimo kwenye boksi katika kit nyingi, na hili ndilo lalamiko langu kubwa. Inunue, ipangwe kwa asilimia 10 hadi 20 juu ya presha ya kazi, ifungwe karibu na kichwa cha pampu bila koki yoyote katikati, na mdomo wake uelekezwe chini au tangini, kamwe usielekee njia ya watu. Geji iwe ya baa 400 yenye gliserini ndani, maana ile kavu mshale wake hutetemeka mpaka meno ya ndani yaishe.

Hosi ya presha: soma maandishi ya ubavuni. Ya inchi 3/8 iliyoandikwa 2SN, yaani yenye nyavu mbili za waya, inabeba baa 330 za kazi. Ya 1SN, wavu mmoja, ni baa 180, haikutoshi, ingawa kwa nje zinafanana na muuzaji atakuapia ni zilezile. Ncha zibanwe kwa mashine kwenye duka la hosi za haidroliki. Klipu ya kukaza kwa bisibisi haina kazi yoyote upande huu wa pampu. Usiikunje nusu kipenyo cha mkunjo kikapungua sentimita 13, usiruhusu lori liikanyage, na siku utakapoona waya umechungulia kwenye mpira, ikate na uitupe. Kuizungushia tepu ni kujificha nyuma ya jani. Karibu na pampu, pande zote mbili, tumia hosi na si bomba la chuma, na pampu ikae juu ya mipira. Mtikisiko wa plunja tatu hupasua nyuzi za bomba la chuma bila haraka.

Umeme sitauzungumzia sana kwa sababu huo ni wa fundi mwenye leseni, ila mdai mambo haya: kikata umeme cha miliampea 30, waya wa arthi uliopimwa, ovalodi iliyowekwa kwa ampea za kibao cha mota na si zaidi, na kinga ya kupotea kwa fezi. Hiyo ya mwisho watu wanaiona anasa. Fezi moja ikikatika huko nguzoni, mota inaendelea kunguruma kwa mbili na inaungua. Boksi la stata, yaani la kuwashia mota, liwe mahali ambapo maji ya bunduki hayafiki, kitufe chekundu cha kuzimia kiwe mahali ambapo mkono unafika.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, tazama juu ya sehemu ya oili. Pampu huja na kizibo cha kusafirishia, mara nyingi chekundu, kisicho na tundu. Kitoe, weka kile chenye kijiti na tundu la kupumulia kilichomo kwenye mfuko. Ukikisahau, joto linaijaza presha sehemu ya oili na oili inatafuta njia kwenye sili. Oili ifike katikati ya kioo, aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Hakikisha mota inazunguka kufuata mshale. Washa bila nozeli, kifyatulio kikiwa wazi, mpaka maji yatoke bila kukohoa, ndipo ufunge nozeli.

Maji yakitoka kwa baa 200 yana kasi ya mita 200 kwa sekunde, na bunduki inakusukuma nyuma kwa nguvu ya kama kilo 5. Mwanzoni mtu hashtuki, baada ya saa moja mkono umechoka na ndipo ncha inapotelezea mguuni. Buti zenye chuma mbele, miwani, na mikono miwili kwenye bunduki. Usifunge kifyatulio kwa waya ili kibaki wazi. Usishike kipuri mkononi huku unakiosha, na usitafute tundu la hosi kwa kupapasa. Maji yakimchoma mtu, jeraha linaonekana tundu dogo tu, halina damu nyingi, na mwenyewe atasema ni kidogo. Ndani yamesambaa na kubeba uchafu, sabuni na grisi. Mpeleke hospitali saa ileile, mwambie daktari kwamba ni presha ya pampu na ni maji ya nini. Wakisubiri mpaka mkono uvimbe, wanaweza kuupoteza.

Tairi nalo usilisogelee: sentimita 30 au zaidi kutoka ubavuni, hasa ukitumia nozeli ya kuzunguka.

Kufunga kazi: zima mota, funga maji, fyatua bunduki mpaka geji isome sifuri, ndipo ushike spana. Kwa kisima chenye chumvi, kabla ya kuzima pitisha maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika mbili tatu. Shaba inavumilia, lakini springi za valvu hazipendi.

Oili ya kwanza mwaga baada ya saa 50, kisha kila saa 500. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ama kupitia sili za plunja ama kwa sababu kuna mtu anaiosha pampu yenyewe kwa bunduki yake. Tone moja moja chini ya kichwa ni kawaida, yakizidi matatu kwa dakika badilisha seti ya sili. Mshale ukichezacheza na hosi ikarukaruka, kagua valvu: ziko sita, tatu za kuvuta na tatu za kusukuma, na mara nyingi utakuta moja imebanwa na punje ya mchanga au kipande cha tepu ya nyuzi ambacho fundi alikiacha kining'inie.

Kwa nguvu na uimara naipa nyota nne. Ya tano imeondoka na ile valvu ya usalama isiyokuwamo na mota iliyokaa pembeni ya kiwango. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji akuonyeshe, si akuahidi, seti ya sili na seti ya valvu za modeli hiyohiyo rafuni kwake. Asipokuwa nazo, nenda duka linalofuata hata kama bei yake imezidi.