Vyombo vya wageni: kipi ukinunue kwanza, kipi ukiache dukani

Ukiingia duka la vyombo Kariakoo, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni lile sanduku kubwa la maua lililoandikwa "vipande 72". Hesabu hivyo vipande kabla hujatoa pesa. Sosa ni kipande, kifuniko cha bakuli la supu ni kipande, kichupa cha chumvi nacho ni kipande. Ukishaviondoa, sahani za kulia chakula zinabaki chache kuliko ulivyodhani. Na siku sahani mbili zikivunjika, ndiyo basi: mzigo uliofuata umekuja na maua mengine.

Ndiyo maana swali langu la kwanza dukani si uzuri. Nauliza kama mwakani nitapata sahani moja ya kufanana na hii. Nimepanga vyombo hapa chini kwa kipimo hicho, kisha uimara, kisha namna vinavyokaa na chakula chetu.

1. Kauri nyeupe tupu, inayouzwa moja moja

Hizi ndizo sahani za hotelini na za wapishi wa shughuli. Hazina ua wala mstari, na ukingo wake ni mnene kidogo. Ziulizie kwenye maduka yanayouzia hoteli na migahawa, maana maduka ya zawadi mara nyingi hayana hamu ya kuuza sahani moja.

Tatizo ni kwamba muuzaji ataita kila kitu "udongo", na udongo haulingani. Kauri nzuri huchomwa kwa zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi mpaka ikashikamana na kukaribia kuwa kioo, kwa hiyo haifyonzi maji. Udongo wa bei rahisi huchomwa kwa moto mdogo zaidi na kubaki na vinyweleo chini ya ile ngozi inayong'aa. Ukimeguka ukingoni, mafuta ya mchuzi huingia humo na doa la kahawia halitoki tena, hata usugue vipi.

Geuza sahani. Chini kuna duara jembamba lisilong'aa, pale ilipokalia tanurini. Lowesha kidole, weka tone la maji hapo. Tone likikaa juu, umeshika kauri. Likinywewa, rudisha sahani ilikotoka. Kisha ikalishe kwenye ncha za vidole na uigonge kwa kalamu: nzima hulia mlio mrefu, yenye ufa usioonekana hutoa sauti ya kufa. Hiyo usiichukue hata kwa punguzo. Mwisho ilaze mezani uone kama inacheza.

Umbo nalo lina neno. Miongozo mingi ya Ulaya husifu sahani bapa ya sentimita 27, na kwa nyama choma na viazi haina kosa. Lakini wageni wetu wengi hula wakiwa wamekaa kwenye viti, sahani mkononi au mapajani, ndani yake pilau, kachumbari na mchuzi unaotafuta pa kumwagikia. Chukua yenye kina kidogo na ukingo ulioinuka, sentimita 22 hadi 24, na uishike kwa mkono mmoja dakika nzima kabla ya kuamua. Mzee wa watu asichoke kifundo kwa ajili ya sahani yako.

Kupenda kauri si ugeni pwani hii. Makaburi ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yana nguzo zilizopachikwa vyombo vya China, na nyumba za kale za Lamu zina zidaka ukutani vilimopangwa vyombo kama hivyo.

2. Sahani za kioo cheupe

Wengi wanazijua kwa jina la Luminarc, inayotoka kampuni ya Arc ya mji wa Arques, Ufaransa. Corelle ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1970, ni ya ukoo huohuo ila imetengenezwa kwa matabaka matatu ya kioo yaliyogandamizwa pamoja. Ni nyepesi, hazinywi maji, na sahani kumi na mbili hukaa kwenye kabati mahali ambapo kauri sita zingejaa. Kwa nyumba ndogo ya kupanga, ningezipa hizi nafasi ya kwanza.

Ubaya wake ni namna zinavyovunjika. Siku ikiangukia kwenye vigae hutawanyika vipande vyembamba mpaka chini ya kochi, na utakuwa unaviokota wiki nzima. Kwenye sakafu ya vigae na watoto wanaotambaa, fikiria mara mbili.

3. Kauri ya mifupa, kwa chai peke yake

Hii ilishika umbo lake Uingereza, mjini Stoke-on-Trent, mwishoni mwa karne ya 18: majivu ya mifupa huchanganywa na udongo mweupe. Inua kikombe kwenye mwanga na uweke vidole nyuma yake. Utaona kivuli cha vidole. Ingawa ni nyembamba ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mifupa kwa desturi ni ya ng'ombe, ila anayejali halali ana haki ya kuuliza.

Seti nzima ya chakula ni gharama isiyo na sababu. Vikombe sita na sosa zake kwa ajili ya wakwe vinatosha. Pitia kwanza vyombo vya mtumba: mara nyingine kwenye rundo la vikombe visivyolingana hutoka kimoja chenye mhuri wa kiwanda cha Uingereza au Japani, kwa bei ya soda chache.

4. Zile nzito za rangi ya mawe

Za kisasa, hazing'ai, zinapendeza kwenye picha. Kijiko kikipita huacha mistari ya kijivu. Si mikwaruzo, ni chuma kilichobaki juu, lakini mgeni hajui hivyo. Na rangi ya mwaka huu mwakani haipo.

5. Melamini

Hii ni plastiki ngumu. Kwa watoto na uani, sawa. Isiingie kwenye maikrowevu, na isipokee mchuzi wa ndimu unaotokota, kwa sababu moto wa kupita nyuzi 70 na tindikali huanza kutoa kemikali zilizomo.

Za mwisho kabisa ni seti zenye ukingo wa dhahabu, zile zinazopendwa kwenye kicheni pati. Dhahabu hutoa cheche kwenye maikrowevu, na kwa mikono inayoosha sahani kwa waya wa masufuria haimalizi Idi mbili. Ukitaka kumtunza bibi harusi, mpe kauri nyeupe kumi na nne: dazeni na mbili za akiba.

Glasi

Hapa sina mjadala mrefu. Nunua za kioo kilichokazwa, ambacho hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha kupozwa ghafla kwa hewa. Duralex ya Ufaransa ndiyo inayojulikana zaidi. Mwaka 2024 wafanyakazi wenyewe walikichukua kiwanda na kukiendesha kwa ushirika. Glasi ya namna hii hupokea juisi ya baridi leo na chai ya tangawizi kesho. Kwa glasi ya kawaida, unene si kinga: ile nene hupasuka upesi zaidi kwa maji ya moto, kwa sababu ndani hutanuka wakati nje bado ni baridi.

Kabla ya kulipa, ingiza mkono ndani. Glasi ndefu ya mdomo mwembamba itaoshwa kwenye beseni na mtu mwenye haraka, na mkono usipofika chini, maziwa na maembe yatabaki hukohuko. Pitisha kidole ukingoni kutafuta meno. Zenye mguu mrefu waachie wenye meza kubwa na watu wa mvinyo.

Kristali ya zamani, ile nzito iliyochongwa na kumetameta, hubeba madini ya risasi, ambayo ni sumu: kwa kanuni za Ulaya, kristali ya risasi ni ile yenye asilimia 24 au zaidi ya oksidi yake. Kunywea mara moja moja si neno, lakini jagi la namna hiyo usiliache na juisi ya ukwaju mpaka asubuhi. Ukiipenda ile metameta, siku hizi zipo zisizo na risasi. Hilo huandikwa kwenye boksi, na kama boksi halipo, liweke jagi kabatini kama pambo.