TAHADHARI: Wauza "seli za haidrojeni" za magari wamerudi, usitume hela kabla hujasoma hii

Wakuu, mafuta yakipanda tu hawa jamaa wanaibuka. EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, inatangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kufikia jioni magrupu ya madereva yamejaa video za gari "linalotumia maji". Safari hii kuna mmoja anajiita wakala wa jenereta za haidrojeni, "seli imara, bei ya mwananchi, unapunguza mafuta nusu". Anataka nusu ya hela kwenye simu leo, nusu ukipokea mzigo. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar na mizigo ya huyu bwana imefika gereji kwetu ikiwa tayari imefungwa kwenye magari ya watu. Nimeifungua, nimeona kilichomo.

Kitu chenyewe ni boksi la plastiki lenye mabamba ya stenlesi, ndani maji yaliyotiwa kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Umeme ukipita, maji yanagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni, mpira unapeleka gesi kwenye bomba la hewa la injini. Hapo hajadanganya mtu. Gesi inatoka kweli, na ukiiwekea kiberiti inalipuka, ndiyo maana video zake zinanasa watu. Uongo uko kwenye kiasi.

Anasema seli yake inatoa lita 5 kwa dakika kwa ampea 15. Chukua kalamu. Tangu enzi za Faraday, miaka ya 1830, inajulikana kwamba gesi inafuata ampea: ampea 1 ikipita nafasi moja kati ya bamba na bamba kwa saa nzima, kwa joto letu hili unapata kama lita 0.7 za gesi zote mbili zikiwa pamoja. Gari likiwaka lina volti kama 14, na kila nafasi inataka karibu volti 2, kwa hiyo unapanga nafasi 7 tu. Mara 15, mara 7, mara 0.7: lita 73 na kitu kwa saa, yaani lita 1.2 kwa dakika. Hapo nimemhesabia seli isiyopoteza hata tone. Zinazobaki kufikia hizo 5 zake ni mvuke wa maji yaliyochemka, au ni mdomo tu.

Sasa hiyo lita 1.2 inakwenda wapi? Injini ya lita 2, kama za Noah nyingi hapa mjini, ikizunguka mara 2000 kwa dakika na umekanyaga mpaka chini inavuta karibu lita 2000 za hewa kwa dakika. Ni chembe ya chumvi kwenye sufuria la pilau ya harusi. Na umeme wa kutengeneza hiyo gesi hautoki mbinguni. Ampea 15 kwa volti 14 ni wati 210. Altaneta, ile mashine ya kuzalisha umeme wa gari, ili itoe hizo inakula kama wati 350 kutoka kwenye mkanda wa injini, ambazo umezilipia kwa petroli. Gesi yote iliyopatikana ikiungua ina kama wati 130, na injini ya petroli hugeuza takriban robo yake tu kuwa nguvu ya kusukuma gari. Unatoa 350, unarudishiwa thelathini na kitu. Hiyo biashara hata mpiga debe hawezi kuitetea.

"Lakini fulani alifunga na mafuta yakapungua." Ndiyo, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Kwenye boksi kuna kadi ndogo nyeusi ambayo muuzaji anaiita "kidhibiti". Inaunganishwa kwenye waya wa sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, na kazi yake ni kuidanganya kompyuta ya gari kwamba mafuta yamezidi, ili kompyuta iyapunguze. Kwa hiyo unaona mshale wa mafuta unashuka polepole, unampigia muuzaji kumshukuru. Injini inayokosa mafuta ya kutosha inachemka kupita kiasi, inakosa nguvu kwenye mlima, na mwisho valvu zinaungua. Bei ya kufungua silinda hedi mnaijua. Maji hayakuhusika, kadi ile ungeweza kuifunga bila hata tone la maji na mshale ungeshuka vile vile.

Kuhusu uimara, anaandika "stenlesi 316L", yaani daraja la juu lisiloliwa kirahisi, kwenye stika. Tulichofungua kilikuwa na mabamba membamba yaliyoanza kuliwa, maji yamegeuka kahawia na chini kuna matope. Msidanganywe na jaribio la sumaku analofanya kwenye video: 304, daraja la chini yake, nayo haishikwi na sumaku, na hata za daraja la chini zaidi mara nyingi hazishikwi. Matope yale yanaweza kuwa na kromiamu ya sumu, msiguse kwa mikono mitupu.

Kibaya zaidi ni waya. Waya umetoka betri moja kwa moja, hauna fyuzi wala rilei, ile swichi ya kukata umeme gari likizimwa. Maana yake ukizima gari usiku boksi linaendelea kutoa gesi, na gesi inajikusanya chini ya boneti mpaka asubuhi ukiwasha. Kile kichupa cha maji cha kuzuia moto kurudi nyuma kutoka kwenye injini hakikuwepo kabisa. Mwenye gari alikuwa analipaki chini ya dirisha la watoto.

Akikuletea picha za Toyota Mirai, mwambie Mirai inajazwa haidrojeni kituoni na kuibeba kwenye matangi, haiitengenezi kwa altaneta. Na hadithi yenyewe ni kongwe: mwaka 1996 mahakama ya Ohio, Marekani, iliamua kwamba Stanley Meyer alifanya ulaghai kwa "seli" yake ya maji, akaamriwa kuwarudishia wawekezaji wawili dola 25,000. Mwaka 2009 tume ya Marekani inayolinda wateja, FTC, ikawafikisha mahakamani wauzaji wa kifaa cha namna hii hii.

Anayetaka kweli kupunguza gharama aulizie kufunga gesi asilia. Bei yake si ndogo, lakini pale Ubungo kwenye kituo cha kujaza gesi mnaona wenyewe foleni za bajaji.

Ambaye ameshatuma hela: tunza meseji na muamala, pigia kampuni ya simu yako mara moja uombe wazuie muamala, namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha polisi. Ambaye ameshafunga: toa waya wa boksi kwenye betri leo, usisubiri wikendi. Fundi aondoe na ile kadi ya sensa, maana ukitoa boksi ukaiacha kadi, injini inaendelea kuumia. Maji ya ndani yanaunguza ngozi na macho, vaa glavu, na usiyamwage mtaroni.