Tundu la chuma la kasuku wa kijivu: imara, ila angalia vimlango vya bakuli

Kwa familia inayomlea kasuku wa kijivu kwa muda, tundu hili la chuma kilichopakwa rangi kiwandani linatosha. Upana ni sentimita 80, kina 60, na nafasi kati ya fito ni sentimita 2, hivyo kichwa hakipiti.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye vimlango vitatu vya bakuli. Vinateleza kwenda juu na havina komeo. Kasuku mtundu huingiza mdomo kwa chini, akanyanyua, akajipenyeza, na mnamkuta juu ya kabati anatafuna rimoti. Funga kila kimoja kwa karabina (pete ya kufungia yenye kilango cha springi) ya chuma cha pua. Waya wa mabati usiuguse kabisa, maana zinki yake ni sumu kwa ndege akiutafuna.

Vijiti vya kutulia vinavyokuja nalo ni vya plastiki, vyote unene mmoja. Vitupe. Nyayo hupata vidonda zikibanwa mahali pale pale kila siku. Kata matawi ya mpera yasiyopigwa dawa, yenye unene wa sentimita 2 hadi 4, yasugue kwa maji ya moto, yaanike juani mpaka yakauke. Magome atayabandua yote, na ni vizuri: mdomo ukiwa na kazi, fremu za milango zinapumzika.

Trei inavutika vizuri. Tundu lisikae karibu na jiko, kwani kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege haraka sana.