Kioo Gani kwa Arduino? Uliza Chipu Kwanza, Inchi Baadaye

Wadau wangu, karibuni tena mezani. Kama mnasikia kelele huko juu, ni mvua. Hapa Mbeya ikiamua kupiga bati haisubiri umalize kurekodi, kwa hiyo nitapaza sauti.

Mbele yangu nina vioo vinne vya kuonyeshea maandishi kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu. Nimevipanga kwa ukubwa, kwa sababu hivyo ndivyo wengi tunavyovinunua. Unatazama inchi, unatazama kama kina rangi, unalipa. Halafu usiku unaniandikia. Wiki hii kijana mmoja wa Tukuyu kaniambia, "Kaka, nina Arduino Uno, nimechukua kioo cha inchi 2.4, kinawaka cheupe pee, hakiandiki kitu. Ni kibovu?" Mdogo wangu, sidhani. Ninachoona ni kwamba hukuuliza chipu yake. Nyuma ya kila kioo kuna chipu inayokiendesha, na bodi yako inaongea na hiyo chipu. Ukimwita Hamisi kwa jina la Juma, hageuki.

Tuweke kazi yenyewe mezani ndipo tuchague. Kuna mama mmoja wa Uyole kaniagiza mashine ya kutotolesha mayai. Kuku wa kienyeji, trei moja, siku 21. Anataka kuona joto, unyevu na siku ya ngapi, basi. Akaongeza, "Mwanangu, macho yangu siyo ya zamani. Nikisimama mlangoni nisome." Hiyo sentensi ya mwisho ishikeni.

Hiki kidogo ni OLED ya inchi 0.96. Kinavutia, nakubali: weusi wake ni weusi kweli, maana kila pikseli inajiwasha yenyewe, hakina taa ya nyuma. Chipu yake ni SSD1306. Nyaya nne tu. Mbili za umeme, mbili za mazungumzo: SDA ya data na SCL ya mapigo. Kwenye Uno, SDA inaingia A4 na SCL inaingia A5. Ukiwa na ESP32, bodi nyingine yenye nguvu zaidi, kwa kawaida ni 21 na 22. Anwani yake, yaani namba ambayo bodi inakiitia, mara nyingi ni 0x3C.

Sasa piga hesabu. Pikseli 128 kwa 64, kila moja biti moja, unapata baiti 1,024. RAM ya Uno nzima, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ni baiti 2,048. Kioo cha ukubwa wa kidole gumba kimeshakula nusu ya kumbukumbu kabla hujasoma hata joto! Na kuna mtego hapo. Laibrari ya Adafruit, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kuendesha kioo, inachukua zile baiti programu ikishaanza kufanya kazi, kwa hiyo kompyuta inakuonyesha umetumia asilimia 60, unafurahi, unapakia, kioo giza totoro. Unaanza kulaumu waya. Dawa yake ni laibrari ya U8g2, uitumie kwa ukurasa: inashika baiti 128 kwa wakati mmoja na kuchora kipande baada ya kipande. Inachelewa kidogo, lakini namba za joto la mayai zina haraka gani?

Hiki kaka yake, inchi 1.3, kilinila jioni nzima. Nilikiagiza mtandaoni, tangazo likasema SSD1306. Napakia programu, maandishi yamesogea pembeni, na ukingoni kuna mstari wa chengachenga kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Nikabadili waya. Nikabadili bodi. Kumbe ndani ni SH1106. Kumbukumbu ya chipu hiyo ina nguzo 132, na kioo kina 128 zilizokaa katikati, ndiyo maana picha inaanza nguzo mbili nje ya mahali pake. Nikabadili mstari mmoja tu kwenye U8g2, mambo yakatulia.

Subiri, nisogeze kamera. Tazameni migongo ya hivi viwili, halafu someni pini. Hiki: GND, VCC, SCL, SDA. Na hiki: VCC, GND, SCL, SDA. Mmeona? Mbili za kwanza, za umeme, zimebadilishana viti: VCC ni chanya, GND ni hasi. Mimi niliwahi kuchomoa kimoja nikachomeka kingine palepale bila kusoma. Moshi haukuwa mwingi, ila harufu ilikaa chumbani mpaka usiku. Marehemu yupo kwenye kopo lile pale la bisikuti.

Haya, mkubwa mwenye rangi, TFT ya inchi 2.4, chipu ILI9341. Pikseli 240 kwa 320, kila moja baiti mbili: baiti 153,600. Hiyo ni RAM ya Uno mara 75. Kwa bahati kioo chenyewe kina kumbukumbu ndani, kwa hiyo Uno inaweza kukitumia, ila unakiona kikijipaka rangi toka juu kwenda chini kama mtu anapiga chokaa ukuta. Tatizo kubwa zaidi ni volti. Pini zake za data zinataka volti 3.3, Uno inatoa 5. Usidanganywe na pini ya VCC iliyoandikwa 5V. Hiyo ni ya umeme wa kuingia, haizilindi zile za data. Weka kibadilisha volti katikati. Kijana wa Tukuyu, weupe wako unaweza kutoka hapo, au umeandika chipu isiyo yake kwenye programu. Anza na hayo mawili.

Kwenye ESP32 kioo hiki kinapata raha yake, volti ni zilezile 3.3 na RAM ipo ya kutosha. Ukitumia laibrari ya TFT_eSPI, fungua faili la User_Setup.h utaje chipu na pini zako. Hiyo hatua wengi wanairuka, halafu wanakuja kunigombeza mimi.

Nimebaki na mzee, LCD ya herufi 16 kwa mistari miwili. Vijana wanamcheka. Chipu yake ni ya ukoo wa HD44780, inajua herufi zenyewe, unaituma "J" inachora "J", Uno haibebi picha yoyote. Hata ile alama ya nyuzi imo ndani, ni namba 223. Na Kiswahili chetu kinamfaa, hakina vikofia juu ya herufi. Shida ni urefu. Nilitaka mama akumbushwe "Geuza mayai saa 8". Hesabu: herufi 17, na nafasi. Imezidi moja! Nikamchukua mkubwa wake, herufi 20 kwa mistari minne, ndiye huyu wa nne.

Nunua yenye bodi ndogo ya I2C mgongoni, yaani ya kuongea kwa zile nyaya mbili za SDA na SCL, la sivyo utachomeka waya mpaka uchoke. Anwani ni 0x27 au 0x3F, inategemea chipu ya hiyo bodi ndogo ni PCF8574 au PCF8574A. Ikiwaka bluu tupu au miraba mitupu, usiirudishe dukani. Shika bisibisi ndogo, zungusha ile skrubu kwenye kiboksi cha bluu. Hivi... hivi... haya, maandishi hayo. Wengi wametupa kioo kizima kwa ajili ya skrubu hii.

Inapenda volti 5, ukiilisha 3.3 maandishi yanafifia. Kwa hiyo na ESP32 utahitaji kibadilisha volti kwenye SDA na SCL. Na sisi wa nyanda za juu tuna letu: baridi. Nilirekebisha kioo cha majaribio mchana, kisha asubuhi ya Julai, ile ya sweta mbili, nikakuta maandishi yamepauka. Kimiminika cha ndani kinabadilika na joto. Rekebisha skrubu asubuhi kukiwa na baridi, kisha kagua tena mchana. Kioo kikae nje ya boksi la mayai, kwa sababu siku tatu za mwisho unaongeza unyevu na ndani panatoka jasho.

Kwa kazi ya mama nimechagua mzee wa 20 kwa 4, bila kusita. OLED ni kali, lakini toka mlangoni namba zake ni vidoti. TFT ingependeza sebuleni. Ningekuwa natengeneza kifaa cha mfukoni, ningebeba OLED na nisingeona haya.

Haya, tujaribu. Naiacha kamera kwenye meza, nakwenda mlangoni. Mnanisikia? Taa nimezima. Kutoka hapa naona... joto 37.6... unyevu 55... siku 4. Hiyo ya mwisho "Geuza mayai saa 8" naisoma pia, na miwani nimeiacha hapo mezani karibu na kopo.