Bujora au Kalenga?

Ukichagua kati ya makumbusho haya mawili, swali la kwanza ni uko pande zipi. Bujora, makumbusho ya Wasukuma, iko Kisesa, unapanda daladala kutoka Mwanza mjini. Kalenga iko nje kidogo ya Iringa.

Kalenga ni makumbusho madogo, na wengi huendea kitu kimoja: fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limetulia ndani ya kioo. Mwaka 1898 alijiua asikamatwe na Wajerumani. Fuvu likachukuliwa hadi Ujerumani, likarudishwa 1954. Ukisimama mbele yake unaishiwa maneno. Saa moja inatosha.

Bujora inakula nusu siku, tena bila kujijua. Kuna nyumba ya msonge unayoingia umeinama, ngoma za watemi zilizopangwa kwa ukubwa, na jengo zima lenye umbo la kiti cha mtemi. Mwulize anayekutembeza habari za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vinavyoshindana miaka nenda miaka rudi; hapo hutoki mapema. Ukiweza, nenda Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, uone watu wakicheza na nyoka.

Nikiwa na watoto, Bujora. Kalenga ningeenda peke yangu.