Nilibadilisha rangi ya MX-5 yangu, siku ya kuuza nikaona athari yake

Nilikuwa na Mazda MX-5, gari dogo la michezo, nyekundu ya kiwandani, msimbo wa rangi 41V. Nilikuwa nimeuchoka ule wekundu, nikaipeleka gereji ipigwe kijivu kisichong'aa. Ilikaa huko wiki tatu. Siku ya kuichukua niliizunguka mara nne, naipapasa ubavuni. Niliipenda kweli, na hilo silikani.

Miaka miwili baadaye nikaamua kuiuza. Mteja wa kwanza alikuja na kifaa cha kupima unene wa rangi. Akakigusisha kwenye boneti, kikasoma zaidi ya mikroni 250 (robo ya milimita), wakati rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya 100 na 150 hivi. Akafungua mlango wa dereva na kuivuta raba kwa ukucha. Chini yake palikuwa na ukingo ulioinuka, kijivu upande huu, nyekundu upande ule. Akafungua boneti, ndani nyekundu tupu.

"Ndugu yangu, hii iligongwa wapi?"

Haikuwahi kugongwa. Nilimwonyesha picha za kabla, risiti, na kadi ya usajili iliyokwisha kurekebishwa. Alivitazama vyote kwa adabu, akashukuru, hakurudi. Wa pili na wa tatu waliuliza swali lilelile. Hakuna aliyekichukia kijivu. Walichoogopa ni kilichokuwa chini yake. Tena wanunuzi wa magari ya michezo wanapenda uhalisia, wanalinganisha msimbo wa rangi ulio kwenye kibati cha gari na rangi wanayoiona. Mwishowe niliuza kwa asilimia 15 chini ya nilichotarajia, na gharama ya kupuliza ilikuwa imekwenda zake zamani.

Gereji ile naipa nyota tatu kati ya tano. Nje walifanya kazi safi, hakuna michirizi wala vumbi lililonasa. Ila kubadilisha rangi kikamilifu kunataka kung'oa milango, raba na taa, kupaka mpaka ndani ya boneti na buti. Wao walifunika kwa utepe tu, wala hawakunieleza tofauti kabla sijalipa. Na rangi isiyong'aa haisamehe: mkwaruzo mdogo ukijaribu kuupolishi, panabaki doa linalometa.

Gari langu la sasa nimelibandika stika mwili mzima. Kabla ya kubandika nilipima rangi ya kila paneli na kupiga picha usomaji wa kifaa. Nilihakikisha pia kwamba halijawahi kupakwa upya, kwa sababu rangi ya gereji isiyoshika vizuri huweza kung'oka pamoja na stika. Rangi mpya nimeiandikisha kwenye usajili na kwa bima vilevile. Juzi kona ya stika karibu na kioo cha pembeni ilianza kuinuka. Niliipasha moto nikaifunua kidogo: buluu ya kiwandani ipo vilevile, inang'aa kama siku niliyoifunika.