"Mama, ulilipa kuona, hukulipa kuuliza"

Naandika maoni haya hasira ikiwa bado moto, wala sitaki kuipoza. Juzijuzi, masika yakiwa hayajakatika, nilikwenda kwenye ile nyumba ya picha Mji wa Kale, Mombasa, iliyowekwa kwa ajili ya mchoraji mmoja tu, marehemu wetu. Jina la nyumba silitaji, na la marehemu nalihifadhi pia, kwa sababu wanawe wapo na sina ugomvi nao. Anayeijua ataijua.

Kiingilio cha ukumbini hakina neno. Mimi nililipa kile kikubwa, cha kupelekwa nyuma: stoo ya picha, chumba cha kutengenezea fremu, na pale walipoiweka meza yake ya kazi. Nimefundisha sanaa na ufundi shule za msingi miaka mingi, na marehemu aliwahi kuja darasani kwangu na kopo lake la rangi, akawaonyesha watoto jinsi ya kuchora tanga la jahazi bila kuinua brashi. Darasa zima lilinyamaza. Kwa hiyo siku ile sikwenda kutembea. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kumzuru jamaa yake.

Aliyetutembeza ni kijana, shati limepigwa pasi, simu mkononi. Tulikuwa wageni watatu. Hakutusalimu. Alipofungua stoo harufu ikatutangulia, ile ya kabati la nguo lililofungwa kusi nzima. Picha zimeegemezwa ukutani, moja juu ya nyingine, uso kwa mgongo. Juu yake kuna AC, na chini ya AC ndoo ya rangi ya lita 20, maji yamefika nusu. Tone. Tone. Lakini AC ilivuja pawili na ndoo ilikuwa moja. Tone la pili lilikuwa linaangukia ukingo wa juu wa picha ya mbele na kuteremka nyuma ya turubai.

Nikainama. Picha ile naijua. Wanawake watatu Marikiti wanachagua maembe, mmoja amelileta embe puani ananusa, macho ameyafumba. Sijaona mtu mwengine aliyechora pua ya mwanamke anayenusa embe ukasikia harufu yenyewe. Sasa mkono ulioshika lile embe rangi imefura kama ngozi iliyoungua kwa mafuta, na chini yake vidoa vyeusi vya kuvu, vidogovidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Ukuta wa nyuma umetoa unga mweupe. Nilipitisha kidole nikaonja. Chumvi.

Nikauliza kwa upole, "Mwanangu, hili tone mnalijua?"

Macho hakuyatoa kwenye simu. "Hilo jasho la mashine tu."

Nikamwambia, jasho au si jasho, picha inalowa. Hapo ndipo aliponitazama. "Mama, ulilipa kuona, hukulipa kuuliza."

Mbele za watu. Mimi niliyemzidi mamake umri. Mji huu tulilelewa kwamba ukimkuta mtu mzima njiani unampa salamu na mzigo wake unaupokea. Koo lilinikauka, sikumjibu. Tangu siku ile najibu peke yangu jikoni, usiku na mchana.

Tena kinachoniuma zaidi ni kwamba ubovu wenyewe ni mdogo. AC huvuta maji kutoka hewani na kuyatoa nje kwa bomba. Bomba likiziba kwa vumbi na ute, maji hurudi ndani. Fundi yeyote wa mtaani analizibua asubuhi moja na bei yake haifiki hata viingilio vya wageni watatu kama sisi. Na kama kweli wanazima AC jioni ili kubana umeme, kama nilivyosikia pale, basi turubai linalegea usiku na kukazika mchana, kila siku, mpaka rangi ipasuke. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70, na hewa ya Mombasa hupita hapo siku nyingi za mwaka. Halafu ule ukuta. Nyumba za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zinazopumua. Mtu amekuja akaupiga lipu ya saruji, maji yamekosa pa kutokea, chumvi inajisukuma nje. Mambo haya waashi wetu wanayajua tangu enzi za mababu.

Tembea hatua chache mpaka ngome ya Fort Jesus. Mle kuna michoro ya Wareno waliokuwa lindoni, wamechora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu, meli na watu. Wareno walitolewa ngomeni mwaka 1698, na michoro yao mpaka leo tunaitazama. Askari waliochora kupitisha zamu, kazi yao imetunzwa. Huyu wetu aliyeutoa umri wake wote kuuchora mji huu, tunamwekea ndoo.

Nilitaka kuishia hapo na kuwaambia msiende. Lakini haki ni haki, na chumba cha pili lazima nikiseme.

Kwenye chumba cha fremu yuko mzee mmoja. Alisimama tulipoingia, akatusalimu mmoja mmoja, akavuta stuli akaifuta kwa kanzu yake ndipo akanikaribisha. Kijana alibaki mlangoni na simu yake, na mzee akatufungulia dunia. Akaigeuza picha, tukaona mgongo. Marehemu alikuwa akiandika nyuma ya picha kwa penseli: madeni ya duka, kilo mbili za mchele, sukari, na pembeni mashua ndogo aliyoichora, nadhani, akingoja rangi ikauke. Zile za mwanzo hazina turubai kabisa, ni mbao nyembamba za hadibodi na rangi ya mafuta ya milango. Mzee akasema hata yule mchoraji Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi za baiskeli, kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani, na kung'aa kule tunakokupenda leo kumetokana na uhaba huo. Akatuonyesha jinsi anavyogundisha vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, kwenye pembe nne nyuma ya fremu, ili picha isilale ukutani na upepo upate kupita. Kipande cha koki, unene wa kidole. Niliiweka mkononi nikaigeuzageuza kama dhahabu.

Kisha akasimulia kuhusu mjane. Marehemu alipofariki, watu walitaka picha zigawanywe ziuzwe, mjane akazitia chini ya kitanda, akalala juu yake miaka. Hapo machozi yalinitoka, maana hadithi hii niliwafundisha watoto wa watu wengine kwa jina la mwanamke mwengine: Jo, shemeji yake Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi. Vincent alifariki 1890, mdogo wake Theo, mumewe Jo, akamfuata 1891. Mwanamke kijana akabaki na mtoto mchanga na nyumba iliyojaa picha ambazo karibu hakuna aliyezitaka. Hakuzitupa. Leo Amsterdam kuna makumbusho ya Van Gogh peke yake, yaliyofunguliwa 1973, yenye picha zake za rangi zaidi ya 200. Nyuma ya kumbi wapo watu ambao kazi yao ni kuichunguza rangi yenyewe. Ndio waliogundua kwamba kuta kwenye picha ya chumba chake cha kulala, zile za buluu tunazozijua sote, alizipaka zambarau. Rangi nyekundu ilififia kwa mwanga, buluu ikabaki. Nilimwambia mzee, akaitikia kwa kichwa muda mrefu, akasema, "Basi na ya kwetu inakwenda, mwalimu, na sisi tunaitazama."

Nikamuuliza kuhusu tone. Akainamisha uso. Amelisema zaidi ya mara moja, akaambiwa angoje pesa. Zamani alikuwa akizisogeza picha mwenyewe kila jioni. Siku hizi ufunguo wa stoo anao kijana.

Kwa hiyo wanajua! Si kwamba hawakuliona. Nilimpitia bibi wa ofisini nikieleza yote, akaandika nyuma ya risiti, na ile risiti akaitia chini ya kikombe chake cha chai.

Nilikuwa nimewapa nyota moja. Nikafuta nikaweka nne kwa ajili ya mzee, kwa sababu saa moja na yeye imenipa zaidi ya semina zote nilizowahi kupelekwa. Nikaikumbuka pua inayonusa embe, nikafuta tena. Sasa imebaki moja, na itabaki moja mpaka bomba lizibuliwe. Lakini siwezi kuwaambia msiende. Nendeni. Lipeni kile cha nyuma, mwombeni mzee wa fremu, mpeni salamu za mwalimu. Na kabla ya hapo, mkiingia stoo, tazameni chini ya AC upande wa kushoto. Kama wale wanawake watatu bado wameegemea pale, ulizeni. Ulizeni kwa sauti, nyote, hata mkiambiwa hamkulipia.